Mnara umefika kijijini, intaneti bado

Kila ninaposikia kiongozi anasema jukwaani kwamba kijiji fulani "kimefikiwa na mawasiliano", natamani aje alale huku kwetu siku moja, halafu saa mbili usiku ajaribu kutuma faili lenye picha chache tu. Simu yake itaandika 4G. Vistari vya mtandao vitakuwa vitatu, pengine vinne. Faili halitaondoka.

Ninaishi kwenye vilima vya upande wa Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Usiku taa za jiji tunaziona vizuri, na kwa kivuko cha Kamanga mtu huenda mjini asubuhi akarudi jioni. Kazi yangu ni kuandaa hesabu na zabuni za mafundi na vikundi vya wavuvi. Tangu manunuzi ya umma yahamie kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, mwaka 2023, fundi wa huku anayetaka kuezeka madarasa ya shule ya msingi hana njia nyingine: aingie kwenye mfumo, apakie vyeti vyake, awahi kabla muda haujafungwa. Kijana anayeomba mkopo wa chuo naye ni hivyo hivyo, na anayetafuta ajira serikalini, na anayetaka control namba ya kulipia kodi ya ardhi. Mimi naunga mkono huduma kuhamia mtandaoni, maana nauli na foleni za wilayani tunazijua. Lakini zikishahamia huko, intaneti ya kijijini haiwezi tena kuwekwa kwenye fungu la anasa.

Ninachodai ni hiki: tunahesabu kitu ambacho hakitusaidii kujua hali. Tunahesabu minara. Ingefaa tuhesabu kasi inayofika ndani ya nyumba, kwenye saa ambazo watu wanaitumia.

Sibezi minara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 za vijijini kwa ruzuku ya serikali. Hizo ni sehemu ambazo kampuni zisingekwenda zenyewe, kwa sababu hazikuona faida. Mama aliyekuwa anapanda mlima na simu mkononi kutafuta mtandao ili aite gari la mgonjwa anajua thamani ya mnara kuliko mimi. Ila mnara wenyewe nao lazima ulishwe. Mjini mara nyingi unalishwa na faiba, waya wa kioo unaobeba data nyingi, iliyofukiwa ardhini. Vilimani mara nyingi unalishwa na madishi yanayorushiana mawimbi kutoka mnara mmoja hadi mwingine, na kile kidogo kinachofika kwenye mnara wa mwisho ndicho wanachogawana watu wote walio chini yake. Mchana wengi wako mashambani, hamna shida. Jioni wanafunzi wamerudi, mpira unaangaliwa kwenye simu, wavuvi wa dagaa wanafungua utabiri wa hali ya hewa ya ziwa kabla ya kusukuma mitumbwi. Hapo ndipo kila kitu kinaanza kuzunguka.

Halafu kuna mawe. Mwanza inaitwa Jiji la Miamba, na miamba hiyo haiishii mjini. Imejaa pande zote mbili za ghuba, na mawimbi ya redio hayapiti ndani ya jabali la matale. Masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, yanafika mbali na kidogo yanajikunja pembeni ya kizuizi. Masafa ya juu, kama 2600 au yale ya 3500 yanayotumika kwa 5G, yanabeba mzigo mkubwa lakini yanataka njia nyeupe. Ndiyo maana nyumba mbili zilizotenganishwa na jabali moja zinaweza kuwa na laini ya kampuni moja, bando la aina moja na simu za aina moja, na bado mmoja akaangalia video huku jirani yake akisubiri ujumbe wa maandishi ufunguke.

Ziwa nalo lina mambo yake, na hili nataka nilieleze kwa kirefu kwa sababu linawachanganya watu wengi wa mwambao. Juu ya maji hakuna kizuizi. Simu iliyo kwenye mteremko unaotazama ziwa hupokea vizuri mnara ulio mbali sana, hata wa ng'ambo, na inaonyesha vistari vingi. Mwenye simu anafurahi. Lakini vistari vinapima jinsi simu inavyousikia mnara. Havisemi mnara unaisikiaje simu. Mnara una makumi ya wati na antena kubwa iliyoinuliwa juu. Simu ya 4G inarusha kwa takriban moja ya tano ya wati, tena mara nyingi ikiwa chumbani chini ya bati. Kwa hiyo kupakua kunakwenda, kupakia kunakwama. Unaweza kuangalia hotuba ya saa nzima bila kukatika, halafu ukashindwa kutuma kurasa tano za zabuni. Anayefanya kazi ya kutuma, iwe hesabu, picha, somo la mtandaoni au mkutano wa Zoom, anaumizwa na upande ambao hakuna tangazo linaloutaja.

Kwa hiyo, kwa mtu anayehamia vilimani akiwa na kazi inayotegemea intaneti, ushauri wangu wa kwanza ni kupima kupakia, tena jioni, tena akiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo atakayokaa. Asipime barabarani, asipime saa nne asubuhi. Aazime laini za kampuni zote zinazoshika pale. Akishajua mnara uko upande gani, anunue ruta ya laini yenye tundu la antena ya nje, afunge antena juu ya paa ielekee mnara huo, na waya wa kutoka antena hadi ruta uwe mfupi, kwa sababu waya mrefu unakula mawimbi kabla hayajafika. Kifaa hiki kinasaidia kuliko kubadilisha simu kila mwaka, na sielewi kwa nini maduka ya simu hayatilii mkazo kukiuza.

Kuna wanaoweka laini mbili za kampuni mbili wakiamini wamejikinga. Inategemea. Kampuni nyingi zinakodi nafasi kwenye mnara mmoja, na umeme wa mnara huo ukikatika na betri zikaisha, laini zote mbili zinalala pamoja. Laini ya pili iwe ya mnara mwingine, ikiwezekana wa upande mwingine wa kilima.

Na maneno "bila kikomo" yasomwe mpaka mwisho. Mtoa huduma mmoja alituuzia kifurushi cha mwezi chenye maneno hayo, na baada ya kiasi fulani kasi ikashushwa hadi barua pepe yenye kiambatisho ikawa haifunguki. Sharti lilikuwepo, limeandikwa kwa herufi ndogo. Mteja wa kijijini asiye na faiba ya kukimbilia anastahili kuambiwa kiasi hicho kabla hajalipa, kwa Kiswahili na kwa tarakimu.

Setilaiti? Naambiwa kila mara ndiyo dawa. Ni kweli imebadilika. Setilaiti za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi inakula karibu nusu sekunde, ambayo kwenye mazungumzo ni nyingi sana. Zile za kampuni ya Starlink zinazunguka kwenye kilomita 550 hivi, kwa hiyo ucheleweshaji huo haupo. Rwanda na Kenya walianza kuipata mwaka 2023, na sisi miaka iliyofuata tukabaki kwenye habari za leseni. Leseni ni jambo la msingi, siwezi kumshauri mtu anunue dishi la magendo ambalo kesho linaweza kukamatwa. Lakini hata kwa leseni, dishi hilo linakula umeme mara kadhaa zaidi ya ruta ndogo, linataka anga wazi ambayo kwenye bonde la mawe si rahisi kuipata, na bei yake ni ya mtu mmoja mwenye kipato. Kwa zahanati iliyo kisiwani Maisome au Irugwa naona lina maana kubwa. Kwa kijiji kizima halitoshi.

Kinachotosha ni faiba, na hapa ndipo ninapowakasirikia wapangaji wetu. Serikali imepeleka umeme vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na hesabu inayotajwa ni vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Nguzo zimepanda vilima hivi hivi tunavyoambiwa ni vigumu kufikika. Zimepita juu ya mawe hayo hayo. Upo waya wa faiba usio na chuma ndani, unaoning'inizwa kwenye nguzo za umeme bila kupitisha shoti. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani mtandao mkuu wa faiba wa nchi, wenyewe kwa sehemu umepita juu ya njia kubwa za umeme za Tanesco, kwa hiyo utaalamu upo nchini na makubaliano yalishafanyika. Kwa nini yaishie kwenye njia kubwa? Nguzo inayoleta umeme kwenye shule ya kata inaweza kuleta na faiba.

Barabara ni hivyo hivyo. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za zege juu ya ghuba. Kila barabara ya lami inayochimbwa upande huu kutoka hapo ingepaswa kufukiwa bomba tupu pembeni wakati mtaro bado uko wazi. Bomba la plastiki ni bei ndogo sana ukilinganisha na kuja kuchimba upya baada ya miaka mitatu.

Faiba ikifika kwenye makao ya kata, vilima vinaanza kutusaidia. Kutoka juu ya jabali moja refu unaziona nyumba za vitongoji vinne. Mtoa huduma mwenye leseni akifunga antena pale, anarusha kwa kila paa linaloonekana, na wenye nyumba wanagawana gharama. Wafungaji tu wawe makini na radi. Bonde la Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na ardhi ya mwamba inapokea vibaya ethi, yaani waya wa kupeleka radi ardhini. Mlingoti uliofungwa juu ya jiwe kavu bila waya mnene ulioteremshwa hadi kwenye udongo wenye unyevu ni hatari kwa ruta, kwa nyumba na kwa watoto.

Najua jibu la kampuni: wateja ni wachache, gharama hairudi. Lakini hesabu hiyo inawaacha nje wateja ambao tayari wapo na hawatahama. Shule ya sekondari, zahanati, ofisi ya kata, mwalo wenye mizani na wanunuzi wa samaki, wote hao wananunua bando za rejareja kila mwezi kutoka mfukoni mwa watumishi. Mwalimu mkuu anatuma takwimu za shule kwa bando lake mwenyewe, na hakuna anayemrudishia. Halmashauri ikikusanya mahitaji hayo kwenye mkataba mmoja wa miaka mitano, anayeleta faiba anajua analipwa na nani tangu siku ya kwanza. Kaya zitaongezeka juu yake.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, tayari hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na kupima ubora wa huduma ni sehemu ya kazi yake. Naomba iongeze safu mbili tu, kata kwa kata: kasi ya kupakua na ya kupakia, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Huku kwetu tumeanza kuandika vipimo vyetu kwenye daftari la kitongoji, tarehe, saa, kampuni na namba hizo mbili, ili diwani aende navyo kwenye baraza la madiwani wakati wa bajeti. Walioko Ukara, Kome, Buchosa na vilima vya Magu wakifanya hivyo hivyo, diwani wetu hatasimama na daftari la kijiji kimoja.