Chembe moja ya nano, kazi mbili: kuionyesha saratani na kuitibu

Mgonjwa wa saratani huanza dawa bila daktari kujua ni kiasi gani kimefika kwenye uvimbe. Hupita wiki kadhaa ndipo picha zionyeshe kama umepungua, na wakati huo madhara yamekwisha kumpata. Hapo ndipo hoja ya chembe za nano (chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanometa, yaani sehemu za bilioni za mita) zenye kazi mbili, yaani kuuonyesha uvimbe na kuutibu, inapopata uzito wake.

AGuIX, iliyobuniwa Ufaransa, ni mfano mzuri. Chembe zake, zenye upana wa nanometa zipatazo 5, zina gadoliniamu, metali inayong'aa kwenye picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) na inayoongeza nguvu ya mionzi ndani ya uvimbe, kisha hutolewa na figo. Katika jaribio la awamu ya kwanza huko Grenoble, wagonjwa 15 ambao saratani ilikuwa imesambaa hadi kwenye ubongo walidungwa chembe hizo kabla ya mionzi, nazo zikaonekana zimekusanyika kwenye vivimbe. Jaribio dogo namna hiyo, hata hivyo, hupima usalama. Halithibitishi kwamba mgonjwa ataishi zaidi.

Wenye shaka nao wana ushahidi. Mwaka 2016, kundi la Warren Chan, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, lilipitia tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama na kukuta kwamba, kwa kipimo cha kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Isitoshe, na hili naona halizungumzwi vya kutosha, kazi hizo mbili hugombana: picha huhitaji chembe iondoke upesi kwenye tishu za jirani ili uvimbe ujitenge, ilhali tiba huhitaji ikae. Kwa mfano, NanoTherm, tiba ya chembe za nano iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2010 kwa saratani ya ubongo, hutumia oksidi ya chuma inayopashwa joto kwa uga wa sumaku. Chuma hichohicho kikibaki huharibu picha za MRI za eneo lililotibiwa.

Kwa hiyo siungi mkono mtindo wa kubandika dawa, rangi, kingamwili na sumaku juu ya chembe moja, kwani kila nyongeza huzidisha ugumu wa kuzitengeneza zikafanana. Nguvu ya AGuIX ni kwamba kinachoonekana ndicho kinachotibu, kama iodini yenye mionzi inavyofanya kwa saratani ya tezi ya shingo tangu miaka ya 1940. Majaribio makubwa yaonyeshe kama wagonjwa ambao vivimbe vyao vilinasa chembe nyingi ndio wanaopata nafuu zaidi. Kama sivyo, picha hiyo haimsaidii daktari kuamua lolote.