Namba Ishirini Zilizotulaza Gizani

Nilikuwa na wiki ya tatu kwenye grupu moja la Telegram la kufumbua siri za dunia. Wiki ya kwanza walinionyesha katuni ya Simpsons ya mwaka 2000 iliyomtaja Trump kama rais, miaka 16 kabla hajachaguliwa. Ya pili wakaleta riwaya ya Dean Koontz ya 1981 yenye kirusi cha maabara kinachoitwa Wuhan-400. Siku hiyo nililala taa inawaka.

Basi jioni moja, nikiwa chumbani kwangu hapa Pasua, Moshi, ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Hakuna salamu wala jina, namba tupu: 4471 0236 8890 1527 3306.

Nikairusha kwenye grupu mbio. Mtu mwenye akili timamu angeshajua ni nini, maana namba ishirini Mtanzania anazibonyeza kila wiki. Sisi tukaanza kujumlisha. Makundi mawili ya mwanzo yakatoa 27. Mmoja akauliza ninaishi wapi, nikamwambia, akaandika: "Kilimanjaro ni mita 5,895. Jumlisha." Tano, nane, tisa, tano. Ishirini na saba! Nywele zikanisimama. Makundi matatu yaliyobaki hayakutoa kitu cha maana, tukakubaliana yamewekwa kutupoteza maboya.

Saa mbili na dakika chache, umeme ukakata. Nikachungulia dirishani: kwa jirani taa zinawaka, gizani ni sisi tu.

"Wameshajua uko karibu," admini akaandika. "Usifungue mlango."

Sikufungua. Waligonga, wakaita, nikabana pumzi chini ya kitanda, simu nimeizima mwanga. Chini kule nilikutana na soksi niliyoitafuta tangu Pasaka.

Alfajiri ndiyo nikasikia sauti ya mama mwenye nyumba. "Wewe baba, luku niliyokutumia jana kwa simu ya mjukuu wangu, umeila?"

Hapo nikakumbuka kwamba rimoti ya luku ya nyumba nzima, wapangaji watano, iko ukutani chumbani kwangu. Nikabonyeza zile namba huku mkono unatetemeka. Unit 28, taa zikawaka. Bahati luku ya mtu haiingii mita ya mwingine, maana watu mia mbili walikuwa nayo.

Mjukuu, kijana wa chuo, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha kwamba toleo la 1981 la kile kitabu lilisema Gorki-400, mji wa Urusi ile ya Kisovieti. Wuhan iliingizwa mwaka 1989. Hilo admini hakulitaja. Nilipolipeleka kwenye grupu pamoja na habari ya luku, akajibu kwa swali moja tu: "Na huyo mama mwenye nyumba, umemchunguza?"

Nikajitoa. Lakini mama wa chumba cha tatu alikuwa ananisubiri koridoni na beseni. Barafu zake za ukwaju zilikuwa zimeyeyuka zote kwenye friji, na shule zilikuwa zinafunguliwa siku hiyo hiyo. Akazihesabu mbele yangu kifuko kwa kifuko, za shilingi mia mia, zikafika 36.

Nikatoa 3,600 bila ubishi. Niliporudi ndani nikajikuta nimesimama katikati ya chumba najumlisha: tatu na sita, tisa. Mbili na saba, tisa.