Pug Mwanza: ule mkoromo si urembo

Hoja ya wanaotaka kufuga pug si ya kubeza. Ni mbwa wa kilo 6 hadi 8, habweki ovyo, anaelewana na watoto na hahitaji uwanja. Kwa mpangaji wa Kirumba au Nyegezi anayegawana ua na familia nne, mbwa mkubwa wa ulinzi ni kutafuta ugomvi. Tena Mwanza si Dar es Salaam: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana mara nyingi huishia nyuzi 28 au 30 hivi. Basi anayeonya kwamba pug huteseka na joto huonekana ana kijicho tu.

Lakini onyo lenyewe halihusu kipimajoto, linahusu pua. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa kwa kuhema, hewa ikipita juu ya unyevu wa pua na ulimi na kuondoka na joto. Pug amezalishwa kizazi hadi kizazi ili uso uwe bapa, ila nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi kilekile: matundu yamebana, kaakaa laini limezidi urefu na kuziba koo. Mkoromo unaochekesha wageni ni hewa inayopenya kwa shida. Akihema kwa nguvu zaidi koo huvimba, na njia huzidi kuwa nyembamba. Ongeza unyevunyevu wa ziwa, unaofanya mate yachelewe kukauka. Ongeza na mawe yetu: jabali lililopigwa jua kutwa nzima bado lina moto saa kumi na mbili jioni, saa ambayo wengi ndiyo wanatoka na mbwa. Pug wa Mwanza ni wa kutembezwa alfajiri.

Mwaka 2022 Royal Veterinary College, chuo cha udaktari wa mifugo cha Uingereza, kilichapisha ulinganisho wa pug na mbwa wengine. Uwezekano wa pug kukutwa na tatizo la njia ya hewa la mbwa wa uso bapa ulikuwa takribani mara 54. Hiyo ni Uingereza, kwenye baridi, wala si chumba cha bati kisicho na dari, umeme umekatika na feni imesimama.

Chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe ni za mbwa yeyote, hazihitaji maelezo. Kwa pug, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akimbize mbwa mwendo wa wastani dakika tatu, kisha sikiliza. Akikoroma au kutoa mluzi akiwa macho, mwache. Matundu ya pua yawe wazi, si mistari miwili. Mwangalie na mama yake. Nyumbani tumia mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na ugali upimwe, kwa sababu mafuta ya shingoni nayo hubana koo.

Joto la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41 uhai uko hatarini. Ulimi ukigeuka zambarau au akianza kuyumba, mmwagie maji ya bomba papo hapo na kumpepea, ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Asifunikwe taulo lililolowa, maana likishapata joto humfungia joto ndani.