Usihamishe Viota vya Majimoto, Hamisha Koloni

Mkulima wa nazi au korosho anasikia kwamba majimoto, wale chungu wakali wa mitini, ni walinzi wazuri wa shamba. Anakata viota vitano kwenye mwembe wa jirani, anavifunga kwenye miti yake, na mwezi wa kwanza anafurahi. Baada ya miezi michache hana hata mmoja, na anahitimisha kwamba habari za majimoto ni za kwenye makaratasi. Mimi nasema kosa si la mdudu. Alichohamisha ni nyumba tano. Koloni, yaani jamii nzima pamoja na malkia wake, lilibaki kwa jirani.

Koloni moja la majimoto, wale wekundu wanaofuma majani ambao wataalamu huwaita Oecophylla longinoda, halikai kwenye kiota kimoja. Limetapakaa kwenye viota makumi katika miti kadhaa, na likikomaa huwa na vibarua, yaani chungu wafanyakazi, laki kadhaa. Katika umati wote huo anayetaga mayai ya kuzaa vibarua wapya kwa kawaida ni malkia mmoja, na yumo ndani ya kiota kimoja tu. Vibarua huchukua mayai yake na kuyasambaza viota vingine yakalelewe huko. Ndiyo maana kiota kilichojaa mabuu manene si ushahidi kwamba malkia yumo. Viota vya mpakani mwa himaya ndivyo vinavyodanganya zaidi, kwa sababu ni kambi za vibarua wazee wanaolinda mpaka, wakali kupita kiasi, na mkataji akiona ukali huo huamini amepata penyewe.

Koloni lisilo na malkia halifi siku hiyo. Pupa, yaani mabuu yaliyokwisha kukua na sasa yanageuka chungu kamili, zilizokuja na viota huanguliwa, viota vipya vinafumwa, doria inaendelea. Halafu polepole mayai yanakosekana. Vibarua wenyewe wanaweza kutaga, lakini mayai yao hayajarutubishwa na hutoa madume tu, na madume hawafanyi kazi yoyote. Majani ya viota yanakauka, mabuu ya kufuma mengine hayapo, basi.

Hili la mabuu linahitaji kutazamwa kwa karibu, maana ndilo linaloeleza kwa nini viota vitupu havifai kitu. Vibarua hujipanga mstari kwenye ukingo wa jani, wakaling'ata jani la pili na kulivuta kwa pamoja. Pengo likiwa kubwa kuliko urefu wa mmoja, wanashikana viuno na kufanya mnyororo. Kingo zikikutana, wengine huja wamebeba mabuu mdomoni. Kibarua hugusisha kichwa cha buu kwenye jani la huku, buu linatoa uzi wa hariri, kisha analipeleka jani la kule, huku na kule, hadi mshono unakuwa kama kitambaa cheupe. Hariri hiyo wadudu wengine huitumia kujifumia kifuko cha kugeukia pupa. Buu la majimoto hutoa yake yote kwa nyumba, na pupa yake hubaki uchi.

Majani yakizeeka wanahama, kwa hiyo kuhama wanakujua. Hapo ndipo chungu wanapowazidi nyigu wa kwenye dari. Mtoto wa nyigu amekwama ndani ya kijumba chake cha karatasi, na kiota kikiharibiwa wakubwa huruka kwenda kuanza upya bila watoto. Chungu hubeba. Siafu wakiwa safarini utaona mabuu yananing'inia chini ya miili yao. Mwaka 1978 watafiti wa chungu Bert Hölldobler na Edward O. Wilson walieleza njia tano ambazo majimoto hutumia kuitana: kwa ajili ya chakula, kwa ajili ya eneo jipya, kwa ajili ya kuhama, na mbili za kukabili mvamizi wa karibu na wa mbali. Wakiitwa kuhama, wenye kusita hubebwa.

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa kupima mipaka. Kusanya majimoto kumi hivi kutoka mti mmoja kwenye kikopo kikavu, uwaachie kwenye shina la mti wa pili. Wakigusana papasi, zile pembe za kichwani, na kila mmoja akashika njia yake, ni ndugu. Wakikamatwa miguu na kuvutwa pande zote kama ngozi inayowambwa, hilo ni koloni jingine. Rudia kwa kila mti na uweke alama ya rangi. Ukiruka hatua hii utachanganya makoloni mawili kwenye mfuko mmoja, na utakachofikisha shambani ni mizoga.

Kumtafuta malkia ndiko kunakochosha. Tafuta juu, palipo na majani mengi mabichi, na ufungue viota kwa uangalifu. Dalili nzuri ni marundo ya mayai na mabuu madogo sana, yakiwa mengi kuliko mabuu makubwa. Malkia mwenyewe ni mkubwa kupita kibarua yeyote, tumbo limevimba, hana mabawa. Sisitizo: hana mabawa. Mvua zikikaribia viota vingi hujaa majike wenye mabawa wanaosubiri kuruka, na kila mwaka wapo wanaohamisha hao wakidhani wamepata mama mzazi.

Kata alfajiri, wengi wakiwa bado ndani. Tumia mkasi wa kupogolea, kata tawi dogo pamoja na kiota, tumbukiza kwenye mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, funga. Mfuko wa plastiki ukipigwa na jua dakika chache unawapika. Mikono na miguu ya ngazi ipake majivu makavu au unga wa muhogo, kwani wakikosa pa kung'ang'ania wanaanguka. Chukua viota vyote vya koloni unavyoweza kufikia, si kile cha malkia peke yake, na uvihamishe siku hiyo hiyo. Shambani ning'iniza mifuko wazi kwenye panda za matawi, kivulini, viota vitatu au vinne kwa mti, miti iliyo jirani. Watatoka wenyewe.

Makuti ya minazi hayagusani kila mahali, kwa hiyo wafungie kamba ya kupitia kutoka mnazi hadi mnazi, juu ya kichwa cha mtu. Huko China ya kusini, ambako maandishi yanayohesabiwa kuwa ya mwaka 304 yanataja majimoto wa Asia wakiuzwa sokoni ndani ya mifuko kwa ajili ya michungwa, wakulima walikuja kutumia mianzi kwa kazi hiyo hiyo. Wiki mbili za mwanzo wape maji ya sukari na dagaa au matumbo ya samaki juu ya mti, wasilazimike kuondoka kutafuta.

Lakini hata koloni kamili litashindwa ukilipeleka kwenye shamba lenye mwenyewe. Adui mkubwa wa majimoto kwenye pwani yetu ni sisimizi mdogo wa kahawia mwenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, anayeishi udongoni penye shina la mti. Weka kipande cha dagaa shinani, rudi baada ya nusu saa. Kikiwa kimefunikwa na hao wadogo, usipeleke majimoto kwanza. Kuna chambo chenye sumu ya haidrametilinoni ambacho kikiwekwa chini, hao hukibeba wenyewe hadi kwa malkia wao. Na hapa nina ugomvi na mazoea ya kupalilia shamba hadi udongo ukawa mweupe. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba shamba lililoachwa tupu chini humpa sisimizi huyo nguvu ya kuwafukuza majimoto mitini, na majani yanayoota chini yakiachwa majimoto hunufaika. Fyeka, usikwangue.

Faida yake haikuanza kujulikana jana. Miaka ya 1950 mtafiti wa wadudu M. J. Way alifanya utafiti Zanzibar juu ya vidaka, yaani nazi changa kabisa, vinavyopukutika kabla ya kuwa vitale. Mharibifu ni mbu wa minazi, mdudu anayechoma vidaka vichanga na kuvinyonya. Jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na jina la Way. Minazi yenye majimoto wengi ilipoteza vidaka vichache zaidi. Kwenye korosho mdudu huyo huyo, pamoja na mbu wa mikorosho, hushambulia machipukizi, maua na korosho changa, na humo pia majimoto huwafukuza na kuwala. Tukijua haya, kupuliza dawa ya kuua wadudu kwenye mti wenye majimoto naona ni kumfukuza mlinzi na kumlipa mwizi. Mbu hurudi kwa kuruka baada ya siku chache. Majimoto hawana mabawa ya kurudia.

Hasara zipo na zisifichwe. Majimoto hufuga wadudu gamba kwa ajili ya utamu wao, na kwenye michungwa jambo hilo linaweza kuleta ukungu mweusi juu ya majani. Malalamiko ya mkwezi nayo ni ya haki kabisa: anang'atwa, kisha asidi inapulizwa kwenye kidonda, akiwa mita kumi na tano juu akishikilia kwa mkono mmoja. Anayelipwa kwa idadi ya minazi alipwe zaidi kwa mnazi wenye majimoto, na apewe majivu ya kujipaka. Mwenye shamba akikataa, mkwezi atavichoma moto viota, na sitamlaumu.

Ukaguzi wa kwanza usiufanye kabla wiki mbili hazijaisha, maana mapema mno mayai yaliyokuja na viota yatakudanganya. Fungua kidogo kiota kipya kimoja kwenye kila mti, pembeni tu, watakishona. Kwenye mojawapo lazima ukute mayai. Ukikuta mabuu makubwa na pupa peke yake katika miti yote, malkia bado yuko kwa jirani. Chukua ngazi urudi huko kesho alfajiri, uanzie viota vya juu ambavyo hukuvifikia mara ya kwanza.