Kololo na Bwaise si mtaa mmoja

Makala yenu imetoa wastani wa vifo vya Kampala nzima, kana kwamba Kololo na Bwaise ni mtaa mmoja. Kololo, mtaa wa matajiri, iko kilimani. Mvua ikinyesha, maji yanatushukia sisi wa Bwaise, mtaa wa mabanda ulio bondeni, vyoo vya shimo vinafurika na chemchemi tunazochota zinachafuka. Ndivyo kipindupindu cha 1997 na 1998 kilivyosambaa. Na msituambie hospitali ziko mbali: Katanga, mtaa mwingine wa mabanda, iko katikati ya Hospitali ya Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere, unatembea kwa miguu! Kinachokosekana ni pesa ya dawa. Kiteezi je, jaa la taka za jiji lilipoporomoka Agosti 2024? Waliofukiwa ni majirani wa taka, si wenye taka. Ndugu mhariri, tupeni hesabu mtaa kwa mtaa.