Diski ya seva ya ofisini iwe ext4 au XFS, NTFS ibaki kwenye Windows

Ofisi nyingi ndogo hapa Dodoma, za wapima ardhi, za wahasibu, za wachapaji walio jirani na UDOM, zina kompyuta moja ya Linux iliyowekwa pembeni kwa ajili ya kushirikiana mafaili. Mara nyingi ninapoitwa kuitazama, nakuta diski kubwa iliyomo imefomatiwa NTFS au exFAT, mifumo ya faili (namna ya kupanga mafaili kwenye diski) ya upande wa Windows, badala ya ext4 au XFS za Linux. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: wafanyakazi wanatumia Windows. Jibu hilo halina msingi, na natamani tuliache kabisa kwa sababu linapoteza kazi za watu.

Kompyuta ya Windows inayofungua folda ya kwenye mtandao haiioni diski ya seva hata kidogo. Inazungumza na Samba, programu ya seva inayogawa folda kwa Windows, na Samba ndiyo inayoiomba keneli, yaani kiini cha Linux, isome au iandike. Chini kukiwa na ext4, XFS au kingine chochote, Windows haijui. Inachohitaji Samba ni mfumo wa faili unaoweza kutunza mmiliki, ruhusa na sifa za ziada za kila faili. Ext4 na XFS vinafanya hivyo bila kuombwa. ExFAT haina mmiliki wala ruhusa. Ruhusa unazoweka wakati wa kumaunti, yaani kuiunganisha diski na mfumo, zinawahusu wote, mhasibu na kijana wa mapokezi sawasawa. Kwa ofisi yenye mishahara na mikataba ya wateja, hilo peke yake lingetosha kuikataa.

Ila kwenye NFS, njia ya kugawa folda kwa kompyuta nyingine za Linux, ndiko tofauti inakouma zaidi. NFS ilitoka Sun Microsystems mwaka 1984, na ilibuniwa ili seva ikizimika na kuwaka tena, kompyuta zilizounganishwa nayo ziendelee pale zilipoachia. Ili hilo liwezekane, kompyuta ya mfanyakazi haishiki jina la faili, inashika kitambulisho. Ndani yake mna utambulisho wa mfumo wa faili, namba ya inodi (rekodi ya faili ndani ya mfumo wa faili), na namba ya kizazi cha hiyo inodi. Wakazi wa Dodoma tunalielewa jambo hili kwa viwanja vilivyopimwa: namba na kitalu vikishaandikwa, hata mtaa ubadilishwe jina na geti lipakwe rangi nyingine, utafika palepale. Kiwanja kikimilikishwa mtu mwingine hutoka hati mpya, na ya zamani haikufikishi popote. Namba ya kizazi inafanya kazi hiyohiyo faili likifutwa na inodi yake ikapewa faili jingine.

Sasa, ext4 na XFS zina inodi zilizoandikwa kwenye diski yenyewe. Umeme ukatike, seva iwake, namba ni zilezile. Mifumo ya familia ya FAT, exFAT ikiwemo, haina inodi kwenye diski. Linux inabuni namba na kuzishika kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu ikisafishwa au seva ikizimika, namba zinaweza kuwa nyingine. Mifumo mingi inayopita FUSE, yaani inayoendeshwa na programu ya kawaida nje ya keneli, ina udhaifu wa namna hiyo. Matokeo ni kosa la ESTALE, yaani kitambulisho cha faili hakitambuliki tena: mchoro wa viwanja ulio wazi mezani unakataa kuhifadhiwa, na aliyeuchora asubuhi nzima hajui amekosea wapi. Hajakosea popote.

NTFS ina udhaifu wake mwingine. Dereva ya ntfs3 iliingia kwenye keneli 5.15 mwaka 2021, na naishukuru ninapohamisha vitu kutoka diski ya mteja. Lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukaguzi kamili wa NTFS ni kazi ya chkdsk, nayo iko Windows. Zana ya ntfsfix inarekebisha mambo machache tu. Kwenye mji ambao umeme unaweza kukatika bila taarifa, seva ya Linux isiyoweza kujikarabati diski yake haifai kukabidhiwa kazi za watu. Ext4 ina zana yake ya ukarabati, e2fsck. XFS inasoma kumbukumbu zake za mabadiliko inapomauntiwa na kujiweka sawa, na ikishindikana ipo xfs_repair.

Btrfs na ZFS ni mifumo mizuri, hasa kwa kugundua data iliyoharibika kimyakimya. Naipendekeza kwa wenye fundi wa kudumu. Kwenye Btrfs, namba za inodi zinajirudia kutoka sehemu moja ya ndani hadi nyingine, na hilo limewahi kuzichanganya programu zinazopita kupitia NFS. Kwenye ZFS kila sehemu ni mfumo wa faili unaojitegemea, hivyo ukigawa kwa NFS ya juu tu, walio upande wa pili wanaweza kuona folda tupu na kudhani kazi zimefutwa.

Kwa hiyo kwa ofisi ya diski moja au mbili, nachagua ext4. Imekuwa thabiti tangu Linux 2.6.28 ya mwaka 2008, na unaweza kuipunguza ukubwa ukihitaji. Kwa picha kubwa za anga za wapimaji au video za harusi, nachagua XFS, iliyoanzia kampuni ya SGI na ambayo kampuni ya Red Hat waliifanya chaguo la kawaida kwenye toleo la 7 la Linux yao mwaka 2014. Ujue tu kwamba kuipunguza XFS ni shida, kwa hiyo usiipe diski nzima kabla hujapanga.

Mfumo mzuri wa faili unaweza kuharibiwa na mpangilio mbaya. Kwenye /etc/exports, faili la kupanga folda za kugawa kwa NFS, acha neno sync. Async inamwambia mfanyakazi kazi imehifadhiwa wakati bado iko kwenye kumbukumbu ya seva. Kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kumaunti, andika UUID, yaani namba ya utambulisho wa diski, usiandike /dev/sdb1, maana majina hayo yanaweza kubadilika seva ikiwaka upya. Na kama diski ni ya nje, ongeza neno mountpoint kwenye exports. Bila hilo, diski isipomauntiwa seva itagawa folda tupu, watu wataandika humo, na diski ya mfumo itajaa bila mtu kujua.

Kabla ya kuwakabidhi, fungua faili kutoka kompyuta mbili zinazotumia NFS, anza kunakili folda kubwa, kisha izime na kuiwasha seva. Kunakili kukiendelea kwenyewe, na faili lililokuwa wazi likahifadhiwa, wape watu wafanye kazi. Kukitokea ESTALE, rudi kwenye diski kwanza, usianze kubadilisha nyaya na rauta.