Nilikuwa Napaka Rangi Ndege

Nilikuwa napaka rangi ndege. Sentensi hiyo nimeirudia mbele ya watu wengi mwaka huu, na kila nikiirudia mambo yanazidi kuharibika.

Nakaa Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege, mahali ambapo mkiwa barazani mnakatiza mazungumzo mpaka ndege ipite, ndipo mnamalizia. Marehemu baba alibeba mizigo pale uwanjani enzi za East African Airways, lile shirika letu la pamoja lililoanza 1946 na kufa 1977, na hadithi zake zote zilikuwa na Dakota ndani, ile ndege ya zamani ya injini mbili za mapanga. Kwa hiyo binamu yangu alipokuja likizo kutoka Uingereza na boksi la Dakota ya plastiki ya kuunga mwenyewe, kipimo cha 1 kwa 72, nusura nilie. Dakota ya kweli ina mita 29 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine. Hii yangu ilikuwa na sentimita 40, inakaa vizuri juu ya friji.

Kuunga hakukunisumbua. Shughuli ilikuwa rangi. Dakota nyingi za zamani mabawa yake hayakupakwa kitu, ni aluminiamu tupu, na kuigeuza plastiki iwe bati si kazi ya brashi. Silva inapulizwa juu ya nyeusi inayong'aa kama kioo. Nyeusi ikishika vumbi, silva inalitangaza vumbi hilo kwa kipaza sauti. Ukigusa kwa kidole kabla haijakauka, umeshapiga muhuri.

Nikafanya majaribio kwenye vijiko vya plastiki, vile vya kulia mtindi. Cha kwanza nilikipaka rangi ya mageti iliyokorogwa na thina kali. Kijiko kikalegea, kikainama polepole kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nikajifunza kupuliza kidogo kidogo, thina ikauke kabla haijaanza kula plastiki. Halafu ikaja masika, vijiko vyote vikatoka na utando mweupe kama vimechovywa kwenye maziwa. Kumbe thina inaporuka hewani kwa haraka inaipoza rangi, na unyevu wa Dar ukikuta kitu cha baridi unatua juu yake, kama jasho la chupa ya soda. Nikasema basi, nangoja kipupwe. Ilipofika Julai nilikuwa na vijiko 31 vya silva vimechomekwa kwenye kopo la mchanga, na mama mwenye nyumba ameshaniuliza mara mbili seti nzima nauzaje.

Mke wangu alivumilia mpaka siku wali uliponuka thina.

"Baba watoto," akasema, "sikukatazi. Lakini nje."

Nje basi. Kijana wa gereji ya mtaani akaniazima kompresa na bunduki yake ya kupigia rangi. Wenye fani hii wana kidude chembamba kama kalamu, kinapuliza rangi kwa adabu. Mimi nilishika kitu kilichozoea kupaka Fuso. Nilipobonyeza mara ya kwanza Dakota iliondoka juu ya ndoo, ikapaa hatua kama mbili, ikatua kwa tumbo kwenye matembele ya mama mwenye nyumba. Marehemu baba angefurahi kidogo. Nikaisafisha, nikaifunga kwa waya kwenye mwiko wa ugali, mwiko nikauchimbia chini, nikaendelea.

Sasa, Julai niliichagua kwa sababu ya ukavu. Nikasahau kwamba Julai ni mwezi wa kusi, na upande lilikokuwa linaelekea kusi palikuwa na uwanja wa mzee jirani yangu.

Mzee huyo alikuwa amenunua jogoo wa Singida siku mbili kabla, kwa ajili ya wakwe waliotarajiwa Jumapili. Jogoo mweusi tii, manyoya yanameta mpaka yanarudisha kijani. Na kwa kuwa bado alikuwa mgeni, alifungwa kamba mguuni kwenye mpapai, azoee nyumba kwanza. Mimi haya yote sikuyaona. Nilikuwa nimevaa miwani ya fundi wa kuchomelea, na yenyewe imeshapata koti la silva. Nilisikia tu kitu kinapiga chafya nyuma ya mwiko.

"Afya," nikasema, nikaendelea kupuliza.

Alipopata koti la upande wa kulia aligeuka kukimbia. Kamba ikamrudisha, akapata la kushoto. Hilo nililigundua baadaye kwa kusoma ushahidi. Magharibi ikaingia, nikafunga kazi, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Alfajiri nikaamshwa na yowe. Mama ntilie wetu huwasha jiko saa kumi na moja. Siku hiyo, alipokatiza karibu na mpapai, taa ya barabarani ilimmulikia kiumbe cha silva kimesimama kimya. Kikajikung'uta. Kikawika. Beseni la unga lilibaki pale pale, yeye hakubaki.

Nilipotoka watu walikuwa wameshajaa. Mtaani kwetu jogoo mweusi peke yake anatosha kuulizwa maswali, maana ndiye huyo huyo anayetajwa kila watu wakizungumzia waganga. Jogoo mweusi aliyelala mweusi akaamka bati ni kesi nyingine. Wengine walishaanza kuhesabu kwa sauti ya chini nani kajenga uzio karibuni. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa amefika na bakora yake. Ni mwalimu mstaafu, amefundisha Kiswahili sekondari maisha yake yote. Akamtazama jogoo. Akatazama mkono wangu, silva mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tueleze."

"Nilikuwa napaka rangi ndege."

"Kakiri!" watu wakapokea.

"Ndege wa nani?"

"Wa... ya East African Airways."

"Muongo!" Mzee jirani akaja juu. "Huyu hajapanda ndege hata siku moja! Huyu katoka Singida kwa basi!"

"Siyo huyu, mzee wangu. Mimi nasema Dakota."

"Kampa na jina!" akasema mama ntilie kutoka mbali.

Mwalimu akanyanyua kidole, watu wakanyamaza. Akanisogelea. "Kijana, nijibu kwa makini. Uliipaka, au ulimpaka?"

Hapo ndipo nilipoona upenyo. "Niliipaka, Mwalimu. Niliipaka ndege yangu. Yeye nikampaka pia, lakini yeye kwa bahati mbaya."

Uso wa Mwalimu ukafunguka. Nadhani ni muda mrefu hajajibiwa na mtu anayejali upatanisho. Akawageukia watu: "Ni ngeli mbili tofauti. Hakuna uchawi hapa. Hebu ilete hiyo nyingine."

Nikaileta. Afadhali ningebaki mchawi. Kwenye mwanga wa asubuhi Dakota ilikuwa imelia machozi ya rangi kuanzia madirishani mpaka tumboni, mbu wawili wamegandia bawa la kushoto, na mkiani kuna jani la tembele limekaa kama nembo ya shirika. Watoto wakaiangalia, wakamwangalia jogoo, wakaanza kucheka, na walikuwa na haki. Jogoo alikuwa ametoka safi kabisa! Koti la chini, nyeusi ile ya kung'aa niliyoitafuta miezi minne, yeye alizaliwa nalo. Na kila unyoya ulikuwa na mng'ao wake, huu umekoza, huu umefifia, sawasawa na zile bati za ndege ya kweli ambazo hazifanani rangi hata zikitoka kiwanda kimoja.

Fidia ilikuwa elfu thelathini na tano, jogoo mwingine akanunuliwa, wakwe wakala. Huyu wa silva hakuna aliyethubutu kumpeleka jikoni, na kumwosha kwa thina ni kumuua, kwa hiyo akawa wangu mpaka atakaponyonyoka na kuota manyoya mapya. Watoto wakamwita Dakota. Mama ntilie alisusa siku tatu, kisha akagundua wateja wanakuja kumtazama, akaanza kumtupia ukoko.

Ndege nikaikwangua, nikaipaka upya, safari hii ndani ya boksi. Ikabaki kuizeesha, maana Dakota iliyofanya kazi haing'ai kama sufuria ya harusi. Mwanzo nilikuwa naipaka masizi kila mahali, inaonekana imeungua. Ndipo nikaanza kumtazama jogoo. Kila siku anaoga vumbi, analala kando ya jiko la mkaa, na uchafu haumshiki ovyo: unaingia kwenye maungio ya manyoya, unavutwa kurudi nyuma kuelekea mkiani, kifuani panapofifia ni pale anapopenyea chini ya uzio. Nikaketi mbele yake kwenye kigoda na daftari, jioni nzima, jioni kadhaa. Mke wangu akapita na ndoo, akatuangalia wote wawili, akasema yeye anakwenda kwao wikiendi.

Nikasaga mkaa, nikaupaka kwa brashi kavu nyuma ya injini zote mbili, ukirudi nyuma juu ya bawa kama moshi ulivyopita. Kwenye maungio nikapitisha kahawia iliyoyeyushwa mpaka ikawa kama chai ya rangi. Nikasugua mng'ao pale mlangoni wanapokanyaga abiria. Nikaita watu waione.

Mwalimu akaja Jumapili, akavaa miwani, akaizungusha Dakota mkononi bila haraka, upande huu, upande ule. Jogoo akawika uani. Mwalimu akamtazama kupitia dirishani, akanirudishia ndege.

"Hii umeipatia kiasi," akasema. "Yule ndiye uliyempatia."